Kuongea na Nyumbani bila Kumaliza Franka

Maneno yaliyosemwa mbele ya memba wa mituel huko Beni, kisha yakarudiliwa Butembo. Tumeyaandika kama tulivyoyasema, kwa ombi la komite.

Komite ilituomba tuzungumze juu ya simu. Tunajua kuna wenye watasema: watoto hawajalipiwa masomo, nyumba zingine ziko bado na baheraheta juu, na ninyi mnakuja kutuelezea mambo ya mega na yuniti? Tunaomba mtuvumilie. Mwishoni kila mtu atapima mwenyewe kama ni jambo la kuchezea.

Sisi wa tereni tunazunguka kati ya Butembo, Beni, Oicha na Kasindi. Kila familia tunayoandika kwenye daftari tunaiuliza swali moja: ulijuaje kama ni wakati wa kurudia? Majibu ni mamoja karibu kila mahali. Mtu alipigiwa simu, ao mtu alisikia radio ya njiani. Wenye walipigiwa simu na mtu wanayemwamini, mwenye alikuwa palepale kijijini, wengi walirudia na wakakaa. Wenye walifuata radio ya njiani, wengine wao wamehama mara mbili, mara tatu.

Kuna familia moja tuliyoipokea mwaka mmoja hapa nyuma. Walikuwa Uganda, kambini. Mtu alifika akisema kule kwao kumetulia, watu wanalima. Wakauza godoro, wakauza masufuria na mahindi yaliyokuwa bado shambani, wakapanda gari mpaka mpaka. Walipofika kijijini wakakuta milango imefungwa, majani yamefika dirishani. Wenye habari walikuwa wamehama wiki mbili mbele. Mama wa nyumba ile alituambia: « Tulikuwa na telefone. Yuniti njo haikuwako. Ya kuita Kongo iko bei, tukasema tutaona tukifika. » Simu ya dakika tatu ingewaachia godoro lao.

Njo maana tunasema simu ni kitu cha mituel. Si mchezo wa vijana.

Tuanze na hesabu, kwa sababu wengi wetu tunalipa zaidi ya inavyotakiwa bila kujua.

Mtu akiwa nje ya nchi, ana njia ine za kuongea na nyumbani. Njia ya kwanza ni kubaki na SIM ya hapa, Vodacom, Airtel ao Orange, na kuitumia kule alipo. Hiyo inaitwa romingi. Ni njia rahisi kwa mikono na nzito kwa mfuko. Hapa ndani ya nchi, kupokea simu hakulipishwi. Lakini ukiwa nje kwa romingi, hata kupokea kunaweza kukula yuniti zako. Mama anakuita kutoka Butembo, unafurahi, unaongea dakika kumi, kumbe ninyi wawili mnalipa. Na intaneti ya romingi ni mbaya zaidi, juu simu inaendelea kushusha picha na video hata wewe umelala.

Wenye kuishi Kasindi wanajua jambo hili bila kusafiri. Pale Lubiriha, karibu na daraja, simu inaweza kushika rezo ya Uganda yenyewe, bila kukuuliza. Umekaa Kongo, miguu iko Kongo, lakini simu imeisha kuvuka. Kwa hiyo, mtu akikaribia mpaka, aingie kwenye simu yake, azime « itinérance », na achague rezo yake kwa mkono, asiache simu ichague yenyewe. Ni kazi ya dakika moja. Kama huwezi kusoma maandishi ya simu, muombe kijana wa nyumbani akufanyie kabla ya kutoka Beni. Usingoje ufike mpakani ndipo umuombe mtu usiyemjua, kwa sababu kumpa mtu wa mpakani simu iliyo wazi ni kumpa M-Pesa yako.

Njia ya pili ni kununua SIM ya kule unapofika, na kuita Kongo kwa simu ya kawaida. Ni nafuu kuliko romingi, lakini simu ya kutoka nchi moja kwenda ingine bado ni ghali. Inafaa kwa mambo mafupi: nimefika salama, mgonjwa ameamka, pesa imeingia. Na hapa watu wanakosa namba. Namba ya hapa tunaiandika kwa kuanza na sifuri: 081, 099, 084. Ukiwa nje, ile sifuri unaitoa, unaweka + na 243, kisha namba tisa zinazobaki. Kwa Uganda ni vilevile: unatoa sifuri, unaweka + na 256. Rwanda ni 250, Kenya ni 254, Tanzania ni 255, Burundi ni 257. Andikeni namba zote kwenye simu tangu leo zikiwa na + mbele. Namba iliyoandikwa hivyo inaita ukiwa hapa, na inaita ukiwa Kampala. Ile yenye sifuri itakuangusha siku unayoihitaji.

Kwa ndugu zetu wenye bado wako kambini Uganda, Kyangwali, Kyaka II, Rwamwanja ao Nakivale, swali lilikuwa kila mara kitambulisho. Kule SIM haiuzwi bila karatasi. Tangu mwaka 2019 mkimbizi anaweza kuandikisha SIM kwa kadi yake ya ukimbizi ao kwa ile barua ya kumtambua anayopewa kambini. Waambieni hivyo. Wengine bado wanatumia SIM iliyoandikishwa kwa jina la mtu mwingine, mtu wa duka ao jirani. Siku yule mtu anaipoteza ao mnagombana naye, namba imekwenda, na pesa iliyokuwa ndani imekwenda pia.

Njia ya tatu ni simu ya intaneti, zaidi WhatsApp. Hapa njo kuna nafuu kubwa. Ukipiga kwa sauti tu, WhatsApp inakula chini ya mega moja kwa dakika. Mega mia moja zinaweza kukupeleka zaidi ya saa moja na nusu ya maongezi. Lakini ukifungua video, inakula mara nyingi zaidi, na mega zile zile mia moja zinaisha kabla hujamsalimia bibi. Tunapenda kuona sura, hiyo tunaijua. Basi mfungue video dakika moja, mwonane, mcheke, mfunge, mwendelee kwa sauti.

Kuna mambo mawili ya kurekebisha ndani ya WhatsApp, na yote yako mahali palipoandikwa « Stockage et données ». La kwanza, weka alama kwenye ile ya kutumia mega kidogo wakati wa kupiga. La pili, zuia picha na video zisishuke zenyewe. Grupe za kanisa, grupe za familia, grupe za wanaosoma pamoja, kila siku zinaleta video makumi. Watu wanasema « kampuni imekula mega yangu », kumbe ni video za grupe ndizo zilizokula. Tena angalieni siku ya forfe. Forfe ya siku moja inakufa baada ya saa 24 hata kama hukuigusa. Kwa mtu mwenye kuongea na nyumbani mara moja kwa wiki, ni vizuri anunue asubuhi ya siku ile ile ya kuongea, si siku tatu mbele.

Kwa wenye wako Uganda, wajue pia kwamba tangu Julai 2021 serikali ya kule inatoza kodi ya asilimia 12 juu ya intaneti, na kwamba Facebook ilifungwa kule Januari 2021, siku chache mbele ya uchaguzi. Kwa hiyo mtu akikuambia « nitakuandikia kwa Messenger nikifika », mwambie achague njia ingine.

Njia ya ine ndiyo tunayoipenda zaidi kwa wazazi wetu, na haina sifa ya kutosha: ni sauti ya kurekodi ndani ya WhatsApp. Dakika nzima ya sauti inakula mega kidogo sana, hata robo haifiki. Haitaki watu wawili wawe na rezo saa moja. Mtoto anarekodi usiku Kampala, mama anasikiliza asubuhi Oicha akifika mahali penye rezo. Mama asiyejua kuandika anajibu kwa mdomo wake, kwa Kinande chake. Na ile sauti inabaki. Tumeona mama mumoja akiisikiliza sauti ya binti yake mara tano mfululizo, na mega ilikatwa mara moja tu.

Sasa tuongee juu ya wenye wanakwenda mbali zaidi, kwa sababu Butembo ni mji wa wachuuzi, na watoto wetu wako Dubai na Guangzhou sawa vile wako Goma.

Kijana wa hapa alifika Dubai. Mbele ya kutoka alimwambia mama yake: nitakuita kila siku ya Mungu kwa WhatsApp. Siku ya Mungu ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Mwezi ukaisha. Mama akaanza kwenda kwa watu wa maombi, akiamini mtoto amekufa ao amefungwa. Kijana naye alikuwa akipiga, akipiga, na simu haishiki. Hakuna aliyewaambia kwamba kule Emirati, simu za WhatsApp, za sauti na za video, zimezuiliwa. Maandishi yanapita. Sauti za kurekodi zinapita. Picha zinapita. Kupiga njo hakupiti. Laiti kijana angebonyeza ile alama ya kurekodi, mama yake angelala vizuri mwezi mzima.

Basi mwenye kwenda Dubai ajue mbele. Kule kuna programu zilizoruhusiwa, kama BOTIM, na makampuni ya simu ya kule, Etisalat na du, yanauza forfe ya kupiga kwa intaneti. Lakini BOTIM inataka iwe kwenye simu mbili, yako na ya nyumbani. Kwa hiyo iwekwe kwa simu ya mama ukiwa bado Butembo, mjaribu pamoja mkiwa chumba kimoja mpaka mama azoee. Vijana wengine wanasema: sisi tunatumia VPN, inafungua yote. Tunawaomba wasiwaigize wengine bila kujua. Sheria ya kule inamtoza mtu anayetumia VPN kufanya jambo lililokatazwa faini inayoanzia dirham 500,000. Hakuna simu ya kuita mama yenye bei ile.

China ni vingine tena. Kule WhatsApp yenyewe imefungwa tangu 2017, hata maandishi hayapiti kwa rezo ya kule. Watu wa kule wanatumia WeChat. Na WeChat ina mlango wake: ili ufungue akaunti, mara nyingi inataka mtu mwenye akaunti ya zamani akuhakikishe. Mchuuzi akifika Guangzhou bila akaunti, atapoteza siku mbili akitafuta mtu. Afungue hapa, asaidiwe na wenzake wenye walishaenda. Na kama kwenye jalada lake la safari ameandika Skype, kama tulivyofanya wote zamani, aifute: Skype ilifungwa kabisa tarehe 5 Mei 2025.

Tena kuna saa. Butembo na Beni tuko saa moja nyuma ya Kampala na Nairobi, saa mbili nyuma ya Dubai, na saa sita nyuma ya Guangzhou. Ukimpigia mtoto saa mbili ya usiku hapa, Kampala ni saa tatu, Dubai ni saa ine, na Guangzhou ni saa nane ya usiku mkubwa. Asipojibu, si kiburi. Amelala. Andikeni saa hizi kwenye ukuta, karibu na mahali mnapochajia simu.

Tumesema intaneti, intaneti, lakini tusiitegemee peke yake. Wazee wetu wanakumbuka wakati wa foni, mchuuzi anapiga kelele kwenye masini na kila mtu mwenye kusimama pale anasikia bei ya kahawa yake na ugonjwa wa mtoto wake. Wanakumbuka Telecel ya miaka ya 1980, ya mawaziri na matajiri. Tumetoka mbali. Lakini hata sasa njia inaweza kukatwa siku moja. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, intaneti ilikatwa Kongo nzima karibu siku 20. Tena wakati ule Beni na Butembo tulikuwa ndani ya Ebola. Mtu aliyekuwa na WhatsApp tu hakuweza kujua kama ndugu yake amepelekwa kwa madaktari. Uganda nao walikata Januari 2021. Kwa hiyo kila nyumba iwe na njia mbili: moja ya intaneti, moja ya simu ya kawaida, hata ile simu ndogo ya vibonyezo.

Na kuna njia ya bure ambayo watu wetu hawaitumii vya kutosha. Msalaba Mwekundu, yaani CICR pamoja na Croix-Rouge ya Kongo hapa, na Croix-Rouge ya Uganda kule kambini, wako na kazi ya kutafuta watu waliopotezana na familia zao kwa vita. Wanaweza kukupatia simu ya bure ya dakika chache ili uwaambie wako kwamba uko hai. Kama hakuna namba, wanachukua barua fupi ya habari za familia na kuipeleka. Kama mtoto alipotea njiani mkikimbia, wanaandika jina lake na kumtafuta. Hawaulizi kabila, hawaulizi pesa. Memba mwenye mtu aliyepotea aje kwetu baada ya mazungumzo, tutamwonyesha mahali pa kwenda.

Watu wanapotezana kwa njia gani? Mara nyingi kwa namba. Kimbia-kimbia inaanza, simu inabaki ndani ya nyumba, nyumba inachomwa. Mtu anafika Beni, ananunua SIM mupya, na namba za wote zilikuwa ndani ya simu iliyoungua. Yeye hana namba ya mtu, na hakuna mtu mwenye namba yake. Kwa hiyo tunaomba mambo matatu kwa kila nyumba.

La kwanza: namba tano za lazima ziandikwe kwenye karatasi, karatasi ifungwe ndani ya plastiki, iwekwe pamoja na karte ya mchaguzi na karatasi za watoto. Mtoto mwenye kufika darasa la pili ajue namba moja kwa kichwa, sawa vile anavyojua jina la baba yake.

La pili: ukipoteza SIM, usikimbilie kununua mupya. Nenda kwa kampuni yako na kitambulisho, uombe namba yako ileile. Ile namba njo mlango wa watu wako wote kukupata. Na kama una SIM ya Kongo na uko Uganda, iweke yuniti kidogo na uitumie mara moja moja. Namba isiyotumika kwa miezi, kampuni inaweza kuifunga na kuipa mtu mwingine. Siku moja mama anapiga, na anajibiwa na mtu asiyemjua.

La tatu: muwe na neno la nyumba. Tunasema hivi juu ya wezi. Wanapiga: « Mtoto wako amepata aksida Kampala, yuko hospitali, tuma dola mia haraka, mimi ni munganga. » Mama anatetemeka, anakimbia kwa kambisti, anatuma. Jioni mtoto anapiga akiwa mzima. Neno la nyumba ni neno moja ambalo familia tu inalijua, jina la mbuzi wa zamani ao la mtaa wa babu. Mwenye kuomba pesa bila neno hilo, kata simu, upige wewe mwenyewe namba unayoijua. Tena simu ya namba ya nchi usiyoijua ikilia mara moja na kukatika, usiirudishie. Si kila anayebipa ni ndugu. Wengine wanatega ili uwaite na yuniti zako ziishe.

Na jambo moja ambalo tunalisema polepole. Simu ya nyumbani si mahali pa kuelezea njia ya wanajeshi, wala wangapi wamepita, wala wapi. Mtu akiuliza kama anaweza kurudia, mwambieni mnayoyaona kwenu: watu wanalala nyumbani ao wanalala mjini? Soko linafanyika? Shule imefunguliwa? Wenye mashamba ya mbali wanakwenda na kurudi? Maswali haya mane yanatosha kumpa mtu mwangaza, na hayamweki mtu yeyote kwenye hatari. Mwenye kurudia aulize watu watatu tofauti, wasioishi nyumba moja. Wakisema mamoja, apange safari. Wakitofautiana, angoje.

Sasa tufike kwa pendekezo, juu hatukuja kuwafundisha tu.

Tunaomba mituel ifungue sanduku la simu. Kila nyumba yenye inaweza itoe franka 500 kwa mwezi. Yenye haiwezi isitoe, na isinyimwe. Pesa ile inunue vitu vitatu: simu moja yenye WhatsApp kwa kila tawi, kisahani cha jua cha kuchajia, kwa sababu kuna tawi ambako moto wa umeme haufiki, na mega za siku mbili kwa wiki. Siku hizo mbili, memba anakuja, anarekodi sauti yake ao anapiga kwa zamu, dakika tano kwa mtu. Mwenye mgonjwa, mwenye mtu aliyepotea, na mwenye familia iko njiani kurudia wanapita mbele. Kuwe na daftari: tarehe, dakika, mega zilizonunuliwa, mega zilizobaki. Daftari lisomwe mbele ya wote kila mwisho wa mwezi, sawa vile tunavyosoma la likirimba. Mshika simu awe mtu mumoja, na msaidizi wake awe mama, kwa sababu kuna maneno ambayo mama hawezi kuyasema mbele ya kijana.

Kwenu marafiki wa mbali, memba walio Ulaya, Amerika na kwingine: wengi wenu mnatutumia pesa kwa matanga na kwa masomo, na tunashukuru. Lakini mjue pia kwamba mnaweza kumtumia mzazi yuniti moja kwa moja kwenye namba yake kutoka huko mliko, bila kutuma dola kubwa. Kidogo kila wiki kinafaa kuliko kingi mara moja kwa mwaka. Tena mkitaka kusaidia sanduku, tuma kwa jina la mituel, si kwa jina la mtu, na muombe picha ya ukurasa wa daftari. Ni haki yenu, na inatulinda sisi pia.

Watu wengine Butembo walituuliza: mbona msinunue kwanza baheraheta? Tuliwajibu hivi. Baheraheta moja inafunika nyumba moja. Habari ya kweli iliyofika kwa wakati inaweza kuzuia nyumba kumi zisiuze vyao na kurudia pahali pa hatari. Hatusemi baheraheta ziachwe. Tunasema franka 500 ya simu haitoki kwenye mfuko wa baheraheta. Ni ile inayokwisha kila siku kwa romingi, kwa video za grupe, na kwa forfe zinazokufa usiku.

Maulizo yaliyotoka kwa memba

Mama mumoja wa Oicha aliuliza: mimi sijui kusoma, nitatumiaje WhatsApp? Tulimjibu: unahitaji kujua alama mbili tu, picha ya mtoto wako na ile alama ya kinasa sauti. Weka picha ya kila mtu kwenye namba yake, utamjua kwa sura. Alama ya kinasa unaibonyeza na kushikilia, unaongea, unaachilia. Tulimfundisha pale pale, na sauti ya kwanza aliyotuma ilikuwa: « Bale, miye ni mama yako, nimeisha jua. »

Papa mumoja wa Kasindi aliuliza kama si afazali anunue SIM ya Uganda na kuitumia pale Lubiriha, kwa sababu rezo inashika, ili aongee na watoto wake Kyangwali kwa bei ya ndani ya Uganda. Tulimwambia inafaa kwa mtu wa mpakani, na wengi wanafanya hivyo, lakini iwe imeandikishwa kwa jina lake, na asiache kuweka yuniti kwenye ya Kongo.

Kijana mumoja wa Butembo aliuliza kama tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, bei za romingi zimekuwa moja. Tulimjibu kwamba mpango wa bei nafuu ulianza 2014 na nchi za Kenya, Uganda na Rwanda, na kwamba kuwa memba wa Jumuiya hakutoshi peke yake: kila kampuni inaweka bei yake. Mbele ya kusafiri, uliza kampuni yako bei ya kupiga, ya kupokea na ya mega, na uombe jibu kwa ujumbe ulioandikwa.

Komite itapokea majina ya wenye kukubali sanduku la simu, tawi kwa tawi, mpaka mkutano unaokuja.